Fidla na Utaifa Wetu

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo lililozusha maneno mengi shuleni kwetu. Muhula uliopita mwalimu mmoja, mwenyeji wa Unguja, aliyekuja kwetu kwa mazoezi ya kufundisha, alitupigia fidla bwaloni usiku wa Jumamosi. Alipiga nyimbo za taarabu, kisha akapiga Wimbo wa Taifa, nasi sote tukasimama. Alipoondoka aliiacha fidla yake iwe mali ya Chama cha Muziki. Juma lililofuata Chama cha Mdahalo kikaleta hoja kwamba fidla si chombo cha Mtanzania, wala haifai kupigwa katika mahafali yetu, na hoja ikapita kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa miongoni mwa wachache walioipinga. Lakini mdahaloni mtu hupewa dakika tatu tu, kisha kengele hugongwa, nami sikupata kusema hata nusu ya niliyokuwa nayo. Kwa hiyo nayaandika hapa, ili wazazi wetu nao wayasome, maana mahafali ni yao kama yalivyo yetu.

Yafaa kwanza niwatendee haki wenzangu walioshinda. Hawakusema upuuzi. Hoja yao waliisimamisha juu ya maneno ya Baba wa Taifa mwenyewe, na ni maneno mazito. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge akiwa Rais, akatangaza kuundwa kwa Wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wakati wa ukoloni tulifundishwa kuona haya kwa mambo yetu. Akasema kwamba wengi wetu waliosoma walijua kucheza dansi za Kizungu, na rumba na chacha pia, lakini ni wangapi waliopata kucheza au hata kusikia gombe sugu, mangala au lelemama? Akauliza vile vile juu ya vyombo: wengi waweza kupiga gitaa na piano, je, ni wangapi kati ya wasomi wawezao kupiga ngoma?

Msemaji wa kwanza wa hoja aliisoma sehemu hiyo kwa sauti kubwa, naye akapigiwa makofi mengi. Lakini hakuendelea mbele. Katika hotuba ile ile Mwalimu alisema pia kwamba kuijenga wizara hiyo si kukataa mambo ya wageni, na kwamba taifa lisilotaka kujifunza kwa wengine ni taifa la wajinga. Ila kujifunza kwa wengine kusitufanye tuyaache yaliyo yetu. Na yeye mwenyewe alifanya hivyo. Mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya hotuba ile, ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Basi mtu aliyetuuliza habari za gombe sugu ndiye huyo huyo aliyekaa usiku, baada ya kazi za Serikali, akimfundisha Mwingereza kusema Kiswahili. Sioni kinyume chochote humo. Naona ni mtu mmoja mwenye mikono miwili.

Sasa nije kwa fidla yenyewe. Wenzangu walisema ni chombo cha kigeni. Hilo ni kweli, wala silikatai. Fidla kama tuijuavyo ilitengenezwa Italia katika miaka ya 1500. Lakini sisi wa mwambao wa Tanganyika tuna ushahidi wetu juu ya vitu vya kigeni, nao ulikuwa ukielea mbele ya macho yetu. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ilifumuliwa, ikafungwa makashani, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikaja Kigoma kwa reli, na hapa ikaunganishwa tena. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isishikwe na adui. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa letu. Tangu hapo imebeba babu zetu, mihogo yao, dagaa wao na wake zao waliokwenda kujifungulia kwa wazazi, kwa miaka mingi sana. Nendeni Ujiji mkamwambie mzee yeyote kwamba Liemba si meli yetu, mtaona atakavyowatazama.

Najua nitajibiwa kwamba meli ni chuma na wimbo ni moyo, wala moyo haubebwi makashani. Jibu hilo ni zuri. Basi tuiache meli, twende Unguja tukaone jinsi chombo cha wageni kilivyoingia moyoni mwa watu, na kwa muda gani, na kwa mkono wa nani.

Yasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja toka 1870 hata 1888, aliupenda muziki wa Misri, akampeleka kijana mmoja, Mohamed bin Ibrahim, akajifunze huko kupiga kanuni. Mwaka 1905 ikaundwa klabu ya Ikhwani Safaa, ambayo ni ya zamani kuliko vyama vingi vya muziki Afrika Mashariki. Vyombo vilikuwa vya kigeni: udi, kanuni, fidla. Maneno nayo yalikuwa ya kigeni, maana waliimba kwa Kiarabu, na wasikilizaji wengi wa mitaani hawakuyafahamu. Kama historia ingeishia hapo, mimi ningepiga kura pamoja na wenzangu, na kwa mikono yote miwili.

Lakini haikuishia hapo. Alitokea mwanamke wa shamba, mzaliwa wa Fumba, aliyekuja mjini akiuza vyungu. Huyo ni Siti binti Saad. Hakuwa na nasaba kubwa wala elimu ya shule. Aliimba kwa Kiswahili, akaimba mambo ya watu wadogo, mahakama zao, wezi wao na ndoa zao, huku vyombo vikiwa vile vile vya watu wakubwa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kutiwa katika sahani za santuri, na santuri hizo zikauzwa na kupigwa mwambao wote. Alikufa mwaka 1950. Marehemu Shaaban Robert alimwandikia wasifu wake, na mtu kama Shaaban Robert hakuandika wasifu wa kila mtu.

Hebu tutazame kilichobadilika. Fidla haikubadilika hata kidogo. Nyuzi zilibaki nne. Kilichobadilika ni lugha ya wimbo na mtu aliyeuimba. Na mara ile taarabu ikawa ya Waswahili, kiasi kwamba leo mgeni akitaka kuijua Unguja hupelekwa kusikiliza fidla kabla hajapelekwa kuona karafuu. Katika Mji Mkongwe kuna chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 2002 ambacho hufundisha vijana fidla, udi na kanuni, na hufundisha ngoma pia, chini ya dari moja. Hawaoni haya wala hawagombani.

Iko sababu nyingine ya fidla kukubaliwa, nayo ni ya ufundi. Msemaji mmoja alipoitaja piano pamoja na fidla kana kwamba ni ndugu, alikosea. Piano ina vibao. Kila kibao kina sauti moja, na kati ya kibao na kibao hamna kitu. Gitaa nalo lina vipande vya chuma shingoni vinavyoikata sauti kwa vipimo. Fidla haina vipande hivyo. Kidole huteleza mahali popote mwenyewe apendapo, na sauti zilizofichika kati ya vibao vya piano zatoka zote. Ndiyo maana Wamisri waliweza kuitia katika muziki wao wenye sauti za robo, wakaikaza nyuzi kwa namna yao wenyewe, siyo ya Wazungu. Na ndiyo maana yaweza kufuata sauti ya mama anayebembeleza mtoto, au ya mwombolezaji matangani, ambazo hazifuati vibao vya mtu yeyote. Mimi nilipoisikia bwaloni sikufikiri Ulaya. Nilifikiri bibi yangu anavyoanza wimbo, kabla wengine hawajaitikia.

Tena, kupiga uzi kwa upinde si jambo geni kwetu. Wagogo wana zeze: kibuyu, ngozi, mti na nyuzi, na upinde unaosuguliwa kwa ulimbo ili ushike. Ndugu zetu Warundi, ng'ambo ya mpaka wetu wa Manyovu, wana indingidi yenye uzi mmoja. Waganda huiita endingidi. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Bagamoyo, aliibeba zeze na ilimba akazipeleka nchi nyingi za Ulaya na kwingineko mpaka alipofariki mwaka 2003, na huko ng'ambo watu walilipa viingilio ili wamsikie. Mtu akishaitazama zeze kwa makini, kisha akaitazama fidla, ataona kwamba ni watoto wa baba mmoja. Mmoja alipelekwa mjini akasomeshwa, mwingine akabaki nyumbani kulima. Kumfukuza aliyesoma hakumnufaishi aliyebaki.

Mdahaloni ilisemwa pia kwamba kila taifa linalojiheshimu lina chombo chake na wimbo wake, lisiochanganya na wa mwingine. Nilitamani sana kujibu hapo, ila kengele iligongwa. Naomba niitaje nchi ambayo wengi wetu hatuisikii sana, nayo ni Albania, nchi ndogo ya milima huko Ulaya, kando ya bahari ya Adriatic. Waturuki waliitawala kwa zaidi ya miaka 400, hata tarehe 28 Novemba 1912 ikatangaza uhuru wake katika mji wa Vlorë. Watu hao wana chombo chao cha milimani kiitwacho lahuta, chenye uzi mmoja, kinachopigwa kwa upinde, nacho husimulia habari za mashujaa wao. Mrundi akikiona atasema, mbona hii ni indingidi yetu! Lakini upande wa kusini wa nchi hiyo hiyo, wapigaji wao walichukua fidla na klarineti, ambazo si zao kwa asili, wakazifundisha kulia kwa namna mama zao wanavyolia kwenye maziko. Muziki huo waliuita kaba, na Mwalbania akiusikia akiwa mbali na kwao hujua kwamba ameitwa nyumbani.

Na wimbo wao wa taifa je? Sauti yake ilitungwa na Ciprian Porumbescu, ambaye ni Mromania, tena mpigaji wa fidla. Alifariki mwaka 1883 akiwa kijana wa miaka 29, karibu miaka 30 kabla Albania haijapata uhuru. Maneno yalitiwa na mshairi wao, Asdreni. Wanasimama kwa heshima mbele ya sauti ya mgeni, kwa maneno yao wenyewe.

Kabla hatujawacheka, tujitazame. Sauti ya Mungu Ibariki Afrika ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Alifariki mwaka 1905, na wakati huo hapakuwa na nchi iitwayo Tanganyika, wala Tanzania. Wazambia nao huimba wimbo wao wa taifa kwa sauti hiyo hiyo, na Waafrika Kusini wanayo ndani ya wimbo wao. Basi ikiwa sauti tunayosimamia kila Jumatatu asubuhi mbele ya bendera ilikuja kutoka nchi ya mbali, kwa mkono wa mwalimu wa misheni, tukaitia maneno ya Kiswahili, ikawa yetu hata tukatokwa na machozi nayo, kwa kipimo gani tutakataa fidla iliyoipiga sauti hiyo bwaloni? Waliopiga kura ya kuikataa fidla ndio hao hao waliosimama wima ilipopiga wimbo huo. Niliwaona.

Sasa nataka kusema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wenzangu, na pengine hata baadhi ya walimu. Tulisema fidla itaiua ngoma. Nauliza, ngoma yenyewe tunaitendea nini? Katika shule nyingi, yetu ikiwa mojawapo, ngoma hutolewa ghalani akija mgeni rasmi. Wanafunzi kumi hufungwa kanga viunoni, hupiga mpaka mgeni ameshuka garini na kuketi, kisha mwalimu wa zamu hupunga mkono, ngoma hukatwa katikati, nayo hurudi ghalani mpaka mgeni mwingine. Imekuwa kama king'ora cha gari la mkubwa. Hakuna anayeuliza wimbo ule ni wa nini, kwamba ni wa mavuno au wa arusi au wa matanga, wala kama umekwisha au haujakwisha. Nilipata kuona mzee mmoja mgeni akiinamisha kichwa wakati kundi la wanafunzi lilipopiga mdundo wa msiba kumkaribisha.

Na hii ndiyo ngoma, kitu ambacho kwa lugha ya jirani zetu Warundi jina lake ni moja na la ufalme: ingoma ni ngoma, na ingoma ni enzi ya Mwami. Ngoma zao za kifalme ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Kwa marehemu Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji wetu aliyekuwa kipofu, ngoma zilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania kwa miaka mingi, hata mtu akisikia mdundo ule aliacha chakula. Chombo cha heshima namna hiyo hakiwezi kuuawa na fidla moja yenye nyuzi nne. Kikifa, kitakuwa kimeuawa na kupigwa bila kujulikana.

Hapa naomba niingize jambo dogo nje ya njia. Msemaji mmoja alidai kwamba ngoma ni ya wanaume, na fidla italeta wasichana jukwaani. Huko Burundi mwaka 2017 Serikali ilitoa amri iliyowakataza wanawake kuzipiga ngoma zile, kwa hiyo mawazo yake si yake peke yake. Lakini lelemama aliyoitaja Mwalimu ilikuwa ya wanawake, na waliouinua muziki wa Unguja ni Siti na, baada yake, Bi Kidude aliyefariki mwaka 2013. Hata katika ukoo wa Zawose, ambamo zamani wanawake hawakuongoza, mwaka 2024 Pendo na Leah walitoa santuri yao wenyewe wakiongoza nyimbo. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Kitu ninachokiogopa mimi ni kile sanduku kubwa jeusi la spika. Mahafali yaliyopita, toka asubuhi mpaka jioni, hakuna mwanafunzi aliyepiga chombo chochote isipokuwa kwa dakika zile za mgeni rasmi. Mtu mmoja aliyekodiwa alikaa nyuma ya mashine, akafungulia nyimbo zilizokwisha kutengenezwa Dar es Salaam, nasi tukazisikiliza na kuchezesha midomo kana kwamba ndio tunaoimba. Siuchukii muziki wa siku hizi. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma waliungana wakatoa wimbo ulioitwa Leka Dutigite, jina la Kiha, na mdogo wangu aliyezaliwa baadaye aliujua kabla hajaijua hesabu ya kuzidisha. Hao walifanya kazi. Sisi tunaobonyeza kitufe hatujafanya kazi yoyote. Taifa la watu wanaosikiliza tu halina haja ya kubishana juu ya fidla wala ngoma, maana vyote viwili havitapigwa.

Najua pia kwamba wapo wazazi wa dini zote mbili ambao hawaupendi muziki shuleni, kwa kuhofia kwamba huleta uhuni, nao wapo wanaosema mwaka wa mtihani si mwaka wa kupiga vinanda. Kwa wa kwanza nasema kwa heshima: madrasa zetu za Ujiji zina dufu, na makanisa yetu yana kwaya na vinanda, na dufu na kinanda vyote vilitoka mbali. Havikuwafanya watoto wahuni. Kwa wa pili nasema kwamba saa moja ya Jumamosi haimfelishi mtu, tena mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali, nayo sanaa imepata mlango wake. Wadogo zetu wanaotufuata wataweza kuupitia mlango huo ikiwa watakuta shuleni kitu cha kujifunzia. Ikiwa watakuta ghala lililofungwa, wataupita tu.

Mapendekezo yangu ni haya, wala si ya gharama kubwa. Hoja ile irudishwe mdahaloni, na safari hii wasemaji wapewe dakika kumi. Fidla itolewe ghalani ilikowekwa, kwa kuwa joto na unyevu wa ziwa vitaifumua gundi yake, na mbao zikiachana hapa Kigoma si rahisi kupata fundi wa kuitengeneza. Ngoma nazo zitolewe, zisikae zikimngoja mgeni rasmi. Chama cha Muziki kiombe mafundi wa mitumbwi wa Kibirizi au Katonga, ambao mikono yao yajua mbao kuliko vitabu vyetu vyote, watuchongee shingo za zeze mbili au tatu. Vibuyu tunavyo, na ngozi ya mbuzi hupatikana kila sikukuu.

Kisha tutunge onyesho la mahafali lisilo na spika hata moja. Lianze na nyimbo za Buha zikipigwa kwa ngoma kwa ukamilifu, toka mwanzo hata mwisho, mgeni rasmi akiwa ameketi akisikiliza kama mtu mwingine yeyote. Ziwepo nyimbo za wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku wa giza na taa zao, maana mwambao huu hauna wimbo unaoufahamu kuliko huo wa kukokota nyavu. Zeze na fidla zifuatane katika wimbo mmoja wa kubembeleza mtoto, ili wazazi wasikie wenyewe kama chombo hiki kinaweza kusema Kiha au hakiwezi. Wakisema hakiwezi, nitaikubali kura yao, kwa kuwa watakuwa wamehukumu kwa masikio.

Lakini nyimbo zenyewe hatunazo, Bwana Mhariri, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko fidla. Katika darasa letu niliuliza nani ajuaye wimbo wa kuvuna ulezi toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, nikapata watu wawili, nao walibishana katika ubeti wa tatu. Kwa hiyo nawaomba wazazi wasomao gazeti hili, wa Kasulu na Kibondo, wa Buhigwe na Uvinza, wa Ujiji na vijiji vyote vya ziwani: likizo hii kaeni na watoto wenu jioni moja, muwaimbie wimbo mmoja mlioimbiwa ninyi na mama zenu. Mtoto auandike katika daftari, maneno yote, na chini yake aandike ni wimbo wa kazi gani, uliimbwa kijiji gani, na ni nani aliyekuwa akianza na nani aliyekuwa akiitikia. Mama asiyejua kuandika asione haya. Yeye aimbe, mtoto ataandika. Daftari ziletwe shuleni siku ya kufungua, apewe Katibu wa Chama cha Muziki, bweni la pili, karibu na mwembe.